Élise Mbombo na Paa Aliyetoka Guniani

Padri, wazazi, wafiwa wenzangu, majirani wa Kikula, na ninyi mliotoka Panda na Shituru mkapita kwenye tope hili mpaka hapa: poleni, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Josée, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nataka mjue mapema kwamba maneno niliyo nayo mkononi si yale yaliyoandikwa kwanza. Yale ya kwanza yalikuwa mafupi na mazuri, hayakumuudhi mtu yeyote. Niliyachana.

Juzi baba mkubwa Germain, ambaye ndiye mkuu wa familia yetu hapa Likasi, aliniita pembeni ya turubai la msiba.

"Josée, mutoto yangu, ile maneno ya télé uiache. Andika tu: alikuwa mwalimu, mama ya batoto, mukristu. Inaenea, inatosha."

"Na kazi yake, baba mukubwa?"

"Kazi gani? Si alifundisha? Ile ingine ni matata. Bantu banaisha kusahau."

"Habakusahau. Jana tu nimesikia wanamuke moja pa bomba anasema 'kilio ya Mama Gunia'. Na maiti haiyazikwa. Minye nitasoma yote."

Akanitazama sana, kisha akasema nina kichwa kigumu kama cha marehemu. Nikamshukuru, kwa sababu sijawahi kusifiwa vizuri zaidi. Basi nasoma yote.

Élise Mbombo Kazadi alizaliwa Jumapili tarehe 6 Mei 1979, hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula, akiwa mtoto wa pili wa mzee Augustin Kazadi na mama Émilienne Ntumba. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai enzi za kuandikisha watu wa migodini. Baba alizaliwa hapa, akafanya kazi kiwandani Shituru mpaka alipostaafu, akafariki hapa mwaka 2011. Mama aliuza mboga sokoni maisha yake yote na bado yuko nasi, ameketi pale mbele. Wanaosema Élise hakuwa mtu wa hapa wanionyeshe mahali pengine alipozaliwa.

Mama anapenda kusimulia siku alipomtuma Élise maji, naye akiwa na miaka saba hivi. Mtoto hakurudi. Mama akachukua fimbo, akatoka na hasira zake zote. Alimkuta njiani amelala kifudifudi, ndoo tupu pembeni, na watoto wa majirani wamechuchumaa nyuma yake kimya kabisa, na si kawaida ya watoto wa Kikula kunyamaza. Alikuwa akiwaeleza siafu. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, ngoja kwanza. Banahamisha mayai."

Mama alingoja. Anasema mpaka leo hajui kwa nini, ila sauti ya yule mtoto ilikuwa ndogo na ilimfanya atake kuona yatakayofuata. Ugali ulichelewa siku hiyo, na baba alisema maneno mengi mezani.

Alianza shule ya msingi kwa masista mwaka 1985. Mwaka 1992, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa, yetu nayo ilipanda treni kwenda Mwene-Ditu, kule Kasai. Élise alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sitasimulia kituo cha treni wala safari yenyewe. Waliokuwapo wanajua, na wengine wao wamesimama hapa karibu na watu waliowafukuza, nasi sote tunasalimiana. Nitasema tu kwamba ndani ya behewa, wakubwa walipokuwa wakilia, Élise aliwakusanya watoto kwenye upenyo wa mlango akawa anawatajia kila ndege aliyekaa kwenye waya. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Tulirudi mwaka 1997. Watu walituuliza tumerudi kufanya nini, na baba akajibu kwamba mtu haulizwi kwa nini amerudi nyumbani.

Alipata diploma yake ya sekondari mwaka 2000, amechelewa kwa sababu ya ile miaka ya kule, na mwaka 2003 akamaliza masomo ya biolojia katika chuo cha ualimu. Akaajiriwa kufundisha Panda. Muhula wake wa kwanza haukwisha kabla mkuu wa shule hajakuta darasa tupu, madawati yamejipanga yenyewe.

"Madame Élise, batoto beko wapi?"

"Beko mu mufereji, Monsieur le Préfet. Bachura habakubali kuingia mu darasa."

Mkuu wa shule alimfuata mpaka mferejini akiwa amejiandaa kumkemea. Nguo zake zilirudi na matope magotini. Mzee huyo amestaafu, nimemwona hapa, na kama nasema uongo anikatize.

Jumamosi tarehe 17 Julai 2004 alifunga ndoa na Nicolas Mwape, fundi wa injini za treni, mtu wa Kapolowe. Binti wa wale waliofukuzwa kuolewa na mwenyeji, miaka saba tu baada ya kurudi! Upande wetu walinuna. Upande wa pili wakanuna zaidi. Walipomaliza kununa wakakuta wali umeisha, maana vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kula pamoja. Shemeji yangu Nicolas hakupoteza muda kujibu mtu. Alikuwa anamtazama mkewe tu, na hakuacha kumtazama hivyo kwa miaka ishirini.

Katika arusi ile ndipo tulipomjua Carlos, ambaye itabidi mumkumbuke. Carlos alikuwa mpiga picha wa arusi maarufu mjini, mwenye kamera kubwa begani na amri nyingi mdomoni. Wakati wa kukata keki, vunjajungu alitua kwenye maua ya meza ya bibi harusi. Élise akaacha kisu.

"Carlos, achana na gâteau. Leta kamera huku. Angalia vile anageuza kichwa."

Carlos aligeuza kamera. Kwenye mkanda wa arusi ya dada yangu, keki haionekani ikikatwa mahali popote, lakini yule mdudu yupo kirefu, ananawa uso. Shangazi zetu hawakusamehe jambo hilo.

Televisheni ilimpata mwaka 2008 kwa bahati. Kituo kimoja cha hapa mjini kilimwalika kueleza kuhusu maji safi wakati wa kipindupindu. Jina la kituo silitaji, kwa sababu sitaki kukitangaza bure. Mbele yake waliweka chungu cha maua kwa ajili ya mapambo, na ndani ya maua, bila mtu kujua, alikuwapo kinyonga. Mnajua kinyonga kwetu ni nini. Alipoanza kutembea juu ya meza, matangazo yakiwa yanakwenda moja kwa moja, mtangazaji aliyekuwa akimhoji alipanda juu ya kiti akaita jina la Yesu. Élise alinyoosha mkono, kinyonga akapanda, taratibu, kidole kwa kidole. Akaigeukia kamera.

"Musiogope. Eko anatutembelea. Muangalie macho yake: ingine inaniangalia minye, ingine inamuangalia Monsieur juu ya kiti."

Simu za kituo zililia mpaka jioni. Nusu ya watu walitaka studio iombewe. Nusu nyingine waliuliza yule mama atarudi lini. Directeur wa kituo alijua kuhesabu simu, akampa nusu saa kila Jumamosi saa kumi jioni. Kipindi kikaitwa *Majirani ya Pori*, na Carlos akaombwa abebe kamera.

Wengi mlikipenda kipindi kile bila kujua kwa nini, na mlipoona vile vya nje, vyenye ndege za kuruka juu ya mbuga na watu wenye kofia wanaokimbia mbele ya simba, bado mlirudi kwa Élise. Nataka kusema kwa nini, maana nilikuwa namsindikiza na niliona kazi ilivyofanyika.

Mwanzoni Carlos alipiga picha za wanyama kama anavyopiga maharusi. Nguchiro alipovuka njia, Carlos alipaza sauti, "Arudilie, arudilie, hakuangalia kamera!" Nyumbani aliweka rumba juu ya sauti ya vyura na mioyo myekundu ikipepea pembeni mwa picha. Élise alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta kila kitu. Alimwambia chura anaimba mwenyewe, hahitaji orchestre. Akamwambia pia amtoe yeye Élise katikati ya picha, amweke pembeni au amwache nje kabisa. Watu hawakuwasha televisheni waone kilemba chake, alisema, ingawa mimi namjua mwanamke mmoja wa Shituru aliyewasha kwa sababu ya vilemba na akaishia kujua mwenendo wa popo.

Hakupiga kelele kamwe. Hakumwita fisi mwizi wala njiwa mtakatifu. Alitumia majina ya wazee wetu, ya Kisanga, ya Kibemba, ya Kiluba, na pale alipokosa jina aliwaomba watazamaji wapige simu. Ikawa vita nzuri ya kila Jumamosi, mzee wa Kapolowe akishindana na bibi wa Kakanda juu ya jina la ndege mmoja, na Élise akiwasikiliza wote wawili kwa heshima ileile.

Lakini lililomfanya awe tofauti na wote lilikuwa hili: alikuwa mtangazaji pekee niliyewahi kumwona akikiri mbele ya kamera kwamba hakuona kitu. Mwaka 2012 tulishuka mto Lufira, chini ya bwawa la Koni, kumtafuta fisi maji. Tulilala kwenye majani tukaumwa na kila chenye meno. Fisi maji hakuja. Directeur alishauri wachukue picha za fisi maji wa nchi nyingine, nani atajua tofauti? Élise alikataa. Jumamosi ile watu wa Likasi walitazama nusu saa ya mto: majani yanatikisika, nyayo kwenye tope, magamba ya samaki juu ya jiwe, na sauti yake ikinong'ona.

"Alikuwa hapa asubuhi, muangalie, tope iko mubichi. Sasa hayuko. Minye sikumuona. Tutarudia juma ingine."

Watu walilalamika wiki nzima, sokoni, kwenye foleni ya unga, hata nje ya kanisa. Na Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekosa. Wenye televisheni walijaziwa majirani mpaka mlangoni. Fisi maji alipotoa kichwa majini, puani mvuke, na kumeza samaki kuanzia kichwani, mtaa wetu ulipiga kelele kama za mpira. Ndugu zangu, kelele ile isingepatikana kwa mnyama wa kuazima. Mtu akikwambia ukweli kuhusu siku mbaya, unamwamini siku nzuri.

Sasa nafika pale niliponyamazishwa.

Mwaka 2019 kampuni moja ilitaka kulipia kipindi. Wana bwawa la maji machafu ya kazi yao, na watu wa karibu walikuwa wakinung'unika kwamba mifugo inakufa. Kampuni ilitaka Majirani ya Pori iende pale ionyeshe kwamba wanyama wanakunywa na wanaishi vizuri. Élise alikubali kwenda. Aliahidi ataonyesha atakachokiona. Alikaa kando ya bwawa lile tangu alfajiri hadi jua linazama, pamoja na Carlos na mimi. Hakuja mnyama. Hakuja ndege. Hata chura hakulia, na mnajua maana ya mahali penye maji pasipo na chura.

Kesho yake directeur alikuja mwenyewe kwa gari, na nyuma ya gari kulikuwa na gunia linalotikisika. Walifungua gunia kwenye majani. Alikuwamo paa mdogo, hai, amefungwa kamba mguu wa nyuma.

"Élise, ni image moja tu," directeur alisema. "Anasimama pale, anakunywa kidogo, tunaenda. Nani atajua?"

"Paa mwenyewe anajua."

"Unacheka na kazi yako."

"Sicheki. Minye niliona bwawa haina kitu. Nitasema bwawa haina kitu."

Alikataa kusimama mbele ya kamera. Directeur akamwamuru Carlos apige picha bila yeye, na Carlos, mwenye watoto wa kulisha, alipiga. Paa yule hakunywa. Alisimama ukingoni akitetemeka, kisha akajaribu kukimbia na mguu ukamkataa.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, Élise aliketi studioni kama kawaida, picha zikionyeshwa naye akizieleza moja kwa moja. Alikuwa ameandaa picha za bwawa tupu. Zilizoonekana kwenye kioo zilikuwa za paa. Walizibadilisha bila kumwambia, wakidhani mbele ya watu atameza mate na kuendelea. Hawakumjua. Alisema kwa sauti yake ileile ndogo:

"Bamama na bababa, huyu paa hakutoka ku pori. Alitoka mu gunia, niliona na macho yangu. Muangalie muguu ya nyuma, alama ya kamba ingali. Minye nilikaa pa ile bwawa siku muzima, hakukuya hata ndege. Musikubali..."

Hapo sauti ikakatwa. Wakaweka nyimbo.

Yale maneno yote yalisikika, na alama ya kamba ilionekana wazi, lakini kwa nani? Hapa ndipo penye uchungu. Jioni ile umeme ulikuwa umekatwa mjini kati, Panda na Shituru. Kikula tulikuwa nao. Kwa hiyo nusu ya mji iliona, na nusu nyingine ilikaa gizani ikingoja marudio ya Jumapili kama ilivyozoea. Jumapili hakukuwa na marudio. Jumatatu kituo kilisoma tangazo kwamba Madame Élise Mbombo amefukuzwa baada ya kugunduliwa kwamba ananunua wanyama sokoni na kuwadanganya watazamaji. Mwenye gunia akamvisha gunia aliyelikataa!

Watu wa Panda waliamini, na siwalaumu, hawakuona kitu. Lakini sisi wa Kikula tuliona. Jumatatu jioni nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba watu waje kituoni tuseme tulichokiona. Mmoja alikuwa na mtoto anayetafuta kazi kwenye ile kampuni. Mwingine alisema mambo ya wakubwa hayaingiliwi. Mwingine, nami namwona kutoka hapa, aliniambia hata hivyo ninyi watu wa Kasai mnapenda maneno. Nilikwenda kituoni peke yangu, mlinzi akanirudisha getini.

Hivyo ndivyo mwanamke aliyelala kifudifudi kwenye matope miaka kumi na moja ili asiwaambie uongo alivyopewa jina la Mama Gunia. Wanafunzi waliandika ubaoni. Mama yetu, mwenye nywele zake nyeupe, alizomewa sokoni na watu waliokuwa wakila mboga zake. Nicolas aliacha kunywa bia baa ya jirani, kwa sababu alijua siku moja atampiga mtu.

Na Élise? Élise aliendelea kufundisha Panda. Alinunua simu yenye kamera nzuri kidogo, na kila Jumamosi, saa kumi ileile, akawa anatuma sauti na picha kwa WhatsApp kwa yeyote aliyetaka. Alikwenda ziwa la Lufira kuwafuata wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota juu ya matete, akakaa nao msimu mzima. Sauti zake zilisambaa mpaka Kolwezi, Lubumbashi, hata kwa watoto wetu walioko Ubelgiji. Alikuwa mtangazaji bila televisheni, na nasema mbele ya kaburi hili kwamba televisheni ndiyo iliyopoteza. Nilipomuuliza kwa nini hatafuti wakili, alinijibu kwamba msimu wa viota haungoji mahakama. Mimi sikukubaliana naye. Bado sikubaliani, na ndiyo maana leo nasoma mimi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alisikia uvimbe kwenye titi. Alitibiwa hapa na Lubumbashi, akapasuliwa, akapata nafuu, ukarudi. Kwa wanaonong'ona kwamba ni kinyonga amelipiza kisasi, nawaomba watafute kazi. Ilikuwa kansa. Daktari ameitaja kwa jina lake, nasi tunaitaja kwa jina lake, kama alivyotufundisha kufanya kwa kila kiumbe.

Wiki zake za mwisho alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Nyigu wa udongo alikuwa akijenga kwenye pembe ya dirisha lile. Élise alianza kumweleza jirani wa kitanda, taratibu, kwa pumzi fupi: sasa ameleta donge, sasa analainisha, sasa amekwenda kutafuta kiwavi wa mtoto wake. Baada ya siku chache wodi nzima ilikuwa ikigeukia dirisha. Mama mmoja aliyekuwa hasemi na mtu tangu alazwe aliuliza:

"Mama Élise, leo atarudia?"

"Siyui, mama. Tungojee tu."

Msafishaji alipokuja na fagio lake, wagonjwa walimpigia kelele, hata asiyeweza kuketi. Nyigu alimaliza, akaziba mlango wa kijumba chake, akaruka. Wanawake wale walipiga makofi. Wawili kati yao wamepona na wamekuja leo, nimewaona, asanteni sana mama zangu.

Élise alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, mvua ikinyesha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nicolas. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Namlilia. Nina hasira pia, na sioni sababu ya kuficha hasira pale ninapoonyesha machozi.

Ameacha mume, Nicolas Mwape. Watoto watatu, Danielle, Jimmy na Plamedi. Mama yetu Émilienne Ntumba. Kaka yetu mkubwa Ghislain aliyeko Kolwezi, na mimi Josée. Baba mkubwa Germain, wajomba, mashangazi na wakwe wa Kapolowe. Wanafunzi ambao hawakuisha. Na ndege ambao hakuna aliyeniomba niwataje.

Padri, naomba dakika moja kabla vijana hawajashika kamba. Kwetu, kabla mtu hajashushwa, familia huuliza kama yuko mwenye neno na marehemu, ili alitoe sasa na lisibaki juu ya ardhi. Nauliza. Yeyote anayesema Élise alidanganya, aje hapa mbele, aseme akilitazama sanduku. Sio pa bomba. Hapa.

Na ninyi wa Kikula, nina neno jingine. Jioni ile mlikuwa na umeme. Mlimsikia, mkauona mguu wa yule paa. Siombi hotuba, siombi mtu aende kituoni. Mama Émilienne ana miaka sabini na minne, na mpaka leo hajawahi kuona hata jirani mmoja akisimama upande wa mtoto wake. Sasa anageuka kuwatazama. Mliomwona Élise akisema kweli, inueni mkono, na muuache juu mpaka mama awaone wote.

Carlos, najua unatupiga picha za mazishi haya, na Élise mwenyewe ndiye aliyetuagiza tukuite wewe na si mwingine, kwa sababu hakuwahi kukuwekea kinyongo. Lakini kamera ile ni nzito, inataka mikono miwili. Iweke chini, ndugu yangu. Uanze wewe.

Élise Mbombo Kazadi, dada yangu, kazi yako umeimaliza, iliyobaki ni yetu. Lala kwa amani.